Kipimo cha Sukari na Hofu ya Mjamzito

Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa visiwa vya Lamu, mjamzito anaruhusiwa kula Ramadhani akihofia madhara. Akijihofia mwenyewe, au mwenyewe pamoja na mtoto, atalipa siku zile baadaye. Akimhofia mtoto peke yake, atalipa na kutoa fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku. Ugumu ni kuijua hofu hiyo, hasa kwa kisukari cha mimba, ambacho mara nyingi hakiumi wala hakionekani.

Mjamzito wa kisiwa jirani cha Manda hapati udhuru kwa safari. Kuvuka hadi hospitali ya King Fahd mjini Lamu ni mwendo mfupi wa boti, pungufu sana ya kilomita 80 hivi zinazompa msafiri ruhusa ya kula. Udhuru ukiwepo, umo mwilini mwake.

Kipimo cha kisukari cha mimba hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Mama hulala bila kula, asubuhi hutolewa damu, hunywa gramu 75 za glukosi katika maji, kisha hutolewa tena baada ya saa moja na baada ya mbili. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2013, liliweka mipaka ya milimoli 5.1, 10.0 na 8.5 kwa lita. Kufikia mmoja kwatosha kuuthibitisha ugonjwa. Wiki hizo zaweza kuangukia Ramadhani tupu, na kinywaji kile kinafunguza. Kutolewa damu hakufunguzi, kwa hivyo sukari ya tumbo tupu yaweza kupimwa mchana, yakishapita masaa manane tangu daku.

Utafiti wa HAPO wa 2008, uliowafuata wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi 9, ulionyesha hatari ikipanda pamoja na sukari bila mahali dhahiri inapoanzia. Mpaka wa 5.1, basi, ni wa makubaliano. Je, mwenye 5.0 hana haki ya kuhofu? Mafakihi hawadai yakini: dhana yenye nguvu, au kauli ya tabibu mwaminifu, yatosha. Namba haihukumu, inaipa hofu msingi. Anayetosheka na mpango wa chakula si sawa na anayedungwa insulini, ambaye sukari yaweza kumporomoka alasiri. Huyu akihofia maisha yake, kufunga ni haramu.

Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma. Insulini yake haipiti. Kongosho la mtoto hutengeneza insulini nyingi, naye hunenepa. Kitovu kikikatwa, sukari hukoma ghafla ilhali insulini ingalimo, na mtoto aweza kutetemeka au kulegea asinyonye. Ndiyo maana hudungwa kisigino apimwe, akawekwa kifuani anyonye dang'a ndani ya saa ya kwanza. Sukari ikiwaunganisha hivi, si rahisi kuitenga hofu kwa mtoto peke yake. Mama akijihofia pia, atalipa bila fidia.

Ruhusa humfuata mama hadi kunyonyesha. Sukari yake nayo hupimwa tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kwani kisukari cha kudumu humwandama zaidi kuliko wengine.