Siku Tatu za Mvua

Mtungi wa mama yangu umekaa kwenye kona ya veranda yetu hapa Tanga tangu kabla sijaoa. Umekitwa kwenye mchanga, umefunikwa kawa, na kata ya kifuu imetundikwa ukutani kando yake. Friji tunayo, lakini mama hanywi maji ya friji. Anasema yanakata koo bila kukata kiu. Miaka ya karibuni alianza kulalamika kwamba mtungi umechoka, maji yake hayapoi kama zamani. Sisi watu wazima wa nyumba ile tuliyapokea maneno hayo kama tunavyopokea habari za uzee wowote. Tuliitikia, tukaendelea na mambo yetu.

Binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili mwaka jana, alimfuata bibi yake jikoni.

"Bibi, mtungi unachokaje?"

Mama akacheka. "Uulize wenyewe, mjukuu wangu."

Akauuliza, siku 18 mfululizo.

Ilisadifu kwamba mwalimu wao wa fizikia alikuwa ametangaza siku ya maonyesho. Kila mwanafunzi alete swali lake mwenyewe, alichunguze kwa wiki kadhaa, kisha asimame mbele ya wazazi na majirani wa shule aeleze alichokiona. Sharti lilikuwa moja: jibu la swali hilo lisiwemo kwenye kitabu cha kiada. Nimesoma hadi nikamaliza, nimesomesha watoto watatu, na sikuwahi kusikia mwalimu akitoa sharti la namna hiyo. Maswali yetu sisi yalitoka kitabuni, na majibu tuliyatafuta kurasa za mwisho.

Alinunua mtungi mpya sokoni, akauweka sambamba na ule mkongwe, na pembeni akaweka ndoo ya plastiki. Kila chombo lita 10. Kipimajoto aliazimwa na maabara ya shule, akakifunga uzi na kuupiga uzi fundo, ili kila anapokitumbukiza kifike kina kilekile. Alipima alfajiri kabla ya kwenda shule na jioni baada ya kurudi. Kipimo cha saa saba mchana alikifanya bibi yake. Mama alijifunza kusoma kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, yale yaliyopamba moto baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu hiyo. Sidhani kama kuna siku katika uzee wake alivaa miwani kwa heshima kubwa kuliko siku hizo 18. Tarakimu zake kubwa kubwa zimo daftarini hadi leo, kila moja imeandikwa taratibu, kalamu imekandamizwa hadi karatasi ya pili.

Katika siku za jua mtungi mpya ulikuwa na ubaridi kuliko ndoo kwa nyuzi nne, mara nyingine tano. Mkongwe ulikuwa nyuma, nyuzi mbili tu. Katikati ya uchunguzi, kwa wazo lake mwenyewe, binti aliusugua mtungi wa bibi yake nje na ndani kwa mchanga na brashi ngumu, akauacha ukauke juani siku nzima, akaujaza upya. Ukajikongoja na kupata uzi mmoja zaidi. Maelezo yake niliyaona ya kweli na mazuri. Maji hupenya kwenye vitundu vidogo vya udongo, hufika upande wa nje, hugeuka mvuke, na mvuke ukiondoka huondoka na joto. Maji yetu ya kisima yana chumvichumvi. Miaka inavyopita chumvi hiyo huganda ndani ya vitundu na kuviziba. Mtungi unaoambiwa umechoka, kwa kweli umezibwa pumzi.

Lakini masika yalikuwa yameanza kuingia. Siku tatu mvua ilinyesha mfululizo, na katika siku hizo mtungi mpya, mtungi mkongwe na ndoo vilikuwa karibu sawa.

Usiku wa kuamkia maonyesho alilikunjua bango lake la manila sebuleni. Mistari mitatu ya rangi ilikwenda imeachana vizuri, kisha pale kwenye siku za mvua ikakutana kama nyuzi zilizofungwa fundo, halafu ikaachana tena. Nililitazama nikaona doa. Nikamwambia, "Mwanangu, hizi siku tatu zinakuharibia mchoro. Ziondoe. Utabaki na 15, zinatosha."

"Lakini nilipima, baba."

"Najua ulipima."

"Basi zilikuwepo."

Akalikunja bango akaenda kulala. Nilibaki sebuleni muda mrefu. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka mtoto wangu asimame mbele ya watu na kitu kisicho na kasoro, asije akaulizwa swali akakosa la kusema. Nilikuwa nampenda, na kwa mapenzi hayohayo nilikuwa namfundisha kudanganya. Nalisema hapa kwa sababu najua siko peke yangu.

Usiku ule nilimkumbuka Erasto Mpemba. Shule ya Magamba iko huko Lushoto, mkoani kwetu, na mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu pale. Wavulana walikuwa na mchezo wa kutengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaweka kwenye jokofu la kugandishia. Nafasi jokofuni ilikuwa ndogo na wagombea wengi. Siku moja mwenzake aliyaweka maziwa bila hata kuyachemsha ili awahi nafasi. Mpemba naye akaona akisubiri yake yapoe atakosa, akayatia yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu alikuta yake yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wa fizikia. Aliambiwa amechanganyikiwa, jambo kama hilo haliwezekani. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu Tanga mjini alimwambia kwamba yeye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto, kwa kuwa huganda upesi. Huku mjini, basi, lilikuwa jambo la kazi ya kila siku. Mpemba akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, wakafika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo akikosea hesabu darasani wenzake walimtania kwamba ni hesabu za Mpemba.

Akavumilia. Siku moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua bika mbili, moja maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka jokofuni. Kisha akaja mgeni shuleni, Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu kule Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza lilelile, wenzake wakacheka. Osborne hakujua jibu, wala hakuamini sana, ila aliahidi kwamba akirudi chuoni atalijaribu. Alimpa kazi hiyo fundi sanifu wa maabara. Fundi akarudi na habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, na kwa nia njema kabisa akaongeza kwamba ataendelea kurudia jaribio mpaka apate tokeo sahihi.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na zamani nilikuwa namshangaa yule fundi. Usiku ule sikumshangaa. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti chake.

Mpemba na Osborne waliandika makala pamoja, ikachapishwa mwaka 1969 katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa anasomea uhifadhi wa wanyamapori chuoni Mweka, karibu na Moshi. Duniani kote jambo lile sasa linaitwa kwa jina lake, ingawa Aristotle alikuwa amegusia kitu kama hicho karne nyingi nyuma. Na halijakwisha. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa uangalifu wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba jambo hilo lipo. Walionyesha kwamba kukipandisha au kukishusha kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kumpotosha mpimaji. Nilipolisoma hilo nilikumbuka fundo kwenye uzi wa binti yangu. Hakuna aliyemwambia alifunge.

Maonyesho yalifanyika kwenye bwalo la shule. Meza za kulia zilisogezwa ukutani, na ukumbi ulijaa joto na harufu ya gundi. Palikuwa na kazi zaidi ya 40, nyingine dhaifu sana, na sioni kosa katika hilo.

Karibu na mlango kulikuwa na mfano wa bwawa la umeme la Mto Rufiji, mkubwa kama kitanda cha mtoto, umechongwa na kupakwa rangi kwa ustadi ambao sina budi kusema ni wa seremala. Kijana aliyesimama nyuma yake alitukariria: mitambo 9, megawati 2,115. Hakukosea hata neno. Watu walipiga makofi wakasogea meza nyingine. Nilibaki, kwa kuwa usiku wangu ulikuwa umenifungua macho kidogo, nikamwuliza, "Na wewe mwenyewe, kijana wangu, kuna jambo ungependa kulijua kuhusu bwawa hili?" Akainama. Akageuka kutazama kama baba yake yuko karibu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Samaki wanapitaje?"

Swali hilo lilikuwa lake, na halikuandikwa popote kwenye ule ubao uliopakwa rangi. Fedha zilizolipwa kwa fundi zilikuwa zimemnunulia makofi na zikamzuia kuuliza kuhusu samaki. Naambiwa Kenya wazazi wamelalamika sana kwamba mtaala wao mpya unawapa wao kazi za usiku za kukata na kubandika. Huku kwetu mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, nayo inasisitiza umahiri kuliko kukariri. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ila hakuna mtaala utakaomlinda mtoto dhidi ya mzazi aliyeshika gundi na mkasi saa tano za usiku.

Najua pia kwamba maonyesho yanaweza kumfikisha mtoto mbali. Wanasayansi Chipukizi Tanzania, wenye maonyesho yao ya kitaifa Dar es Salaam, walifuata mfano wa Ireland, ambako maonyesho ya namna hii yalianza Dublin mwaka 1965. Kule Kenya kuna Keriko, shule ya kutwa ya kijijini katika kaunti ya Nakuru. Ilikuwa na kompyuta moja tu, na ndiko alikokuwa akifundisha Peter Tabichi, aliyepewa tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019. Wasichana wake walibuni kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu, wakafuzu kwenda kwenye maonyesho ya kimataifa Arizona, Marekani. Habari hizo hunifurahisha. Lakini siku ile bwaloni hakukuwa na kamera wala safari ya ndege, na lililotokea kwenye meza ya binti yangu lilitosha.

Alikuja mama mmoja wa makamo, amejitanda khanga, mkono umeshika mtoto mdogo. Alikuwa amemfuata mwanawe wa kidato cha kwanza. Hakulitazama bango. Aliugusa mtungi mpya kwa kiganja, akaugonga kwa kucha akasikiliza, ndipo akauliza, "Nani kafinyanga huu?" Binti akajibu kwamba aliununua tu sokoni. "Umetiwa mchanga mchache," mama yule akasema. "Utawahi kuchoka." Tukaelewa kwamba ni mfinyanzi.

Binti akamwelekeza kwenye mchoro, kidole kikienda mstari kwa mstari, mpaka akafika kwenye fundo la siku tatu. Hapo akasita. Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake na mwili ukanisisimka. Akasema, "Siku hizi tatu, shikamoo mama, mitungi ilikataa kupoza. Ilikuwa mvua. Bado sijajua sababu."

Mama akaitikia marahaba na kumtazama kwa upole. "Siku za mvua mtungi hautoki jasho, mwanangu. Jasho litakwenda wapi na hewa yenyewe imelowa? Ndiyo maana hata sisi vyungu vya mvua havikauki, tunavichoma vinapasuka."

Niliona uso wa mtoto ukibadilika. Alichukua kalamu, na palepale, kwenye bango lililokwisha kupigiwa mistari kwa rula, akaandika kwa mkono chini ya zile siku tatu: hewa imelowa. Halafu akamwuliza yule mama anaishi wapi, na kama anaweza kwenda kupima vyungu vinavyokauka. Majaji walipopita hakupata nafasi ya kwanza wala ya pili. Hata hakuwaona vizuri wakiondoka. Alikuwa anaandika namba ya simu.

Alikwenda, Jumamosi mbili, nami nilimpeleka. Nilikaa chini ya mwembe na kuchukua maji nilipotumwa. Sikushika kipimajoto.

Mwaka huu yuko shule ya bweni. Kabla ya kuondoka alilitundika daftari jipya kwa uzi kando ya kata ya bibi yake, akatuachia maagizo. Mama anapima saa saba mchana. Alfajiri ni zamu yangu. Leo kumeamka kunanyesha. Nimetumbukiza kipimajoto hadi kwenye fundo, nikasubiri kama nilivyoelekezwa, nikasoma mtungi, nikasoma ndoo, nikaandika: tofauti hakuna.