Kamba ya Moyo

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Waliotuachia methali hii walikuwa wakitazama majahazi, lakini inatufaa hata sisi tulio mbali na bahari, tuliokaa leo chini ya mwembe mmoja mjini Juba, hatua chache kutoka Nile Nyeupe, mahali ambapo mama chai ameinjika birika juu ya jiko la mkaa na kulizungushia viti vya plastiki. Bilauri ndogo zimejaa chai ya tangawizi, nyingine karkade. Mara bodaboda inapita barabarani na ekzosi yake inalipuka, pa! Kabla ya mtu yeyote kusema neno, vichwa vyote vimegeuka, bilauri zimeganda katikati ya safari ya kwenda mdomoni, na mama chai amekwisha simama. Juba haijasahau mapigano ya Desemba 2013, wala ya Julai 2016. Kisha mmoja anaiona pikipiki, anacheka. Mabega yanashuka, pumzi zinatoka, chai inaendelea kunywewa. Yote hayo hayakufika nusu dakika. Msomaji mwenzangu, tusiipite haraka nusu dakika hiyo, kwani ndani yake mna maajabu mawili, na wengi wetu hulikumbuka la kwanza tu.

La kwanza ni kengele. Juu ya kila figo Mola ameweka tezi ndogo ambayo ikipata habari ya hatari humwaga adrenalini ndani ya damu. Ini hufungua ghala lake la sukari, mboni za macho hupanuka, na damu huhama tumboni ikaelekea kwenye misuli ya miguu, ndiyo maana chakula hakimshuki mtu mwenye hofu. Wako watu wanaopumua leo katika mitaa ya Gudele na Munuki kwa sababu miguu yao ilianza kukimbia kabla akili haijamaliza kuuliza kuna nini. Tuushukuru basi moyo unaodunda, hata unapotukera. Msongo wa mawazo ni mlinzi huyuhuyu mwaminifu, ila amekaa zamu muda mrefu mno. Mshahara wa serikali umechelewa mwezi baada ya mwezi. Unga umepanda bei katika soko la Konyo Konyo kwa kuwa dola imepanda. Joto la Februari 2025 liliwaangusha wanafunzi hadi serikali ikafunga shule kwa wiki mbili. Mambo kama haya hayakimbiwi. Kengele inalia, miguu inajiandaa, na pa kukimbilia hapaonekani.

La pili ni kule kushuka kwa mabega, na hilo ndilo lililonileta hapa.

Chini kabisa ya ubongo, pale shingo inapoanza, hutoka mishipa miwili ya fahamu, mmoja kulia na mmoja kushoto, ambayo madaktari huiita vagasi. Kila mmoja huteremka shingoni sambamba na mshipa mkubwa wa damu, huingia kifuani ukaugusa moyo na mapafu, kisha husonga mbele hadi kwenye tumbo na matumbo, kana kwamba aliyeutandaza hakutaka kiungo chochote cha ndani kikose habari za wenzake. Nao husikia zaidi ya unavyosema: katika kila nyuzi zake 100, takriban 80 kazi yao ni kupandisha habari za mwili juu kwenye ubongo. Zilizobaki hushusha maagizo, na miongoni mwa maagizo hayo limo moja la kustaajabisha. Moyo una fundo lake dogo la kuanzisha mapigo, na fundo hilo likiachwa lijitawale hupiga kiasi cha mara 100 kwa dakika. Lakini mtu mzima mwenye afya, aliyeketi ametulia, huwa na mapigo 60, 70, au 80. Nani ameyapunguza? Ni vagasi. Usiku na mchana, tukijua na tusipojua, umeushika moyo na kuuambia pole.

Ukitoka Juba kwenda kaskazini, upande wa magharibi wa mto hadi Terekeka, utawakuta Wamundari na ng'ombe wao wa pembe ndefu. Jioni moshi wa samadi hutanda kambini, na majivu yake hupakwa ngozi ya mtu na ngozi ya mnyama ili kufukuza wadudu. Katika moshi huo hupita kijana na fahali anayempenda kuliko wote, kamba mkononi, akimwimbia sifa zake. Fahali yule angetaka, angemkokota kijana hadi majini. Hataki. Kamba imening'inia, na mkono huivuta kidogo tu panapohitajika. Ndivyo moyo ulivyoshikwa. Hatari inapotokea, jambo la kwanza kufanyika ni kamba kulegezwa, na moyo ukaruka kwa nguvu zake wenyewe kabla hata adrenalini haijafika. Hatari ikipita, kamba hukazwa tena taratibu. Kwa hiyo kila utulivu tunaouona kwa mtu, hata wa yule anayesinzia kwenye kiti cha plastiki mchana wa jua kali, ni kazi inayoendelea kufanywa ndani yake.

Je, na sisi tumeachiwa ncha ya kamba hiyo? Tumeachiwa. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mpaka uyapate mapigo. Vuta pumzi kwa utaratibu: mapigo yanasogeleana kidogo. Sasa itoe, polepole kuliko ulivyoivuta: yanaachana. Tofauti ni ndogo, na kwa vijana huwa dhahiri zaidi kuliko kwa wazee, lakini ipo. Kuvuta pumzi hulegeza kamba, kuitoa huikaza. Hatukupewa uwezo wa kuuamrisha moyo, na huenda ni rehema, maana tungeusahau siku moja tukafa. Tukapewa pumzi, ambayo tukilala hujiendesha yenyewe na tukiamka hukubali kushikwa. Na tusipoishika kabisa, mwili hujishushia pumzi moja ndefu kila baada ya dakika tano hivi, vikafunguka tena vile vifuko vidogo vya mapafu vilivyokuwa vimesinyaa.

Yule kijana wa Kimundari anayeimba hujui ameshika kamba ngapi kwa wakati mmoja, kwa sababu wimbo ni pumzi itokayo kwa muda mrefu. Vivyo hivyo kwaya za Jumapili katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa pale Kator, na mzee aliyeketi msikitini akileta dhikiri baada ya swala. Mwaka 2001 madaktari wa Italia walichapisha vipimo vya watu wazima 23 waliosali rozari kwa Kilatini: pumzi zao zilishuka zenyewe hadi karibu mara sita kwa dakika, mwendo ambao moyo na mishipa ya damu huupokea kwa mpangilio wa kupendeza. Bibi mwenye rozari yake hakungoja vipimo.

Aliyetupa ushahidi kwamba vagasi huusemesha moyo kwa dawa iliyofichwa ndani yake ni Otto Loewi, mtaalamu aliyekuwa Graz, Austria. Kwa masimulizi yake mwenyewe, jaribio lilimjia ndotoni. Aliamka akaliandika, na asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, na safari hii akaondoka saa tisa za usiku moja kwa moja hadi maabara. Alichukua mioyo miwili ya vyura. Akausisimua vagasi wa moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo. Kisha akachukua maji yaliyouzunguka akauwekea wa pili, nao, bila kuguswa na mtu, ukatulia vilevile. Matokeo yalichapishwa mwaka 1921, na mwaka 1936 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Miaka miwili baadaye Wanazi wakamtia gerezani, wakamnyang'anya fedha za tuzo, akawa mkimbizi. Nani ajuaye kwa nini siri ya utulivu ilikabidhiwa mtu ambaye angekuja kuihitaji kiasi hicho?

Lakini kamba hukatikia pembamba. Kengele ikilia miezi na miaka, usingizi hupotea, shinikizo la damu hupanda, hasira huwa karibu, na pumzi peke yake haitoshi. Huko si kukosa imani, ni kuchoka kwa kiumbe, na mtu aende hospitali kama ambavyo angekwenda kwa malaria. Njaa nayo haitulizwi kwa pumzi, wala mshahara hauji kwa kuimba. Ninalolisema ni dogo zaidi: kwamba hata pale mambo ya nje yasipobadilika, ndani ya mtu kumewekwa kitu cha kumrudisha.

Hilo lilijaribiwa kwa watu wa hapa hapa. Vita vya 2016 viliwavusha mpaka watu wengi wa Sudan Kusini wakaingia kaskazini mwa Uganda, na katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp wanawake 694 kutoka vijiji 14 walihusishwa katika utafiti uliotolewa mwaka 2020. Vijiji vingine vilipewa kozi iliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani: vikao vitano, wanawake 20 au 30 wamekaa pamoja, waongozaji wakiwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi, wala hapakuwa na daktari. Walifundishwa kuzikanyaga nyayo chini mpaka waisikie ardhi, kuitazama huzuni bila kupigana nayo, kuishusha pumzi, na kukumbuka wanachokithamini katika maisha. Miezi mitatu baadaye dhiki ya nafsi ilikuwa imepungua kwao kuliko kwa wenzao ambao hawakupata kozi; nafuu yenyewe haikuwa ya kupindukia, lakini ilipimika, na ilipimwa kwa watu waliokuwa bado kambini, bado wakitegemea mgawo wa chakula. Mwalimu wao alikuwa sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, na kifaa cha kufanyia mazoezi kila mwanamke alikuja nacho kifuani.