Sadaka Yataka Utaratibu

Wakristu wetu wapenda kutoa. Jambo hili twaliona kila mwaka: ikaribiapo Noeli au Pasaka, magunia ya mahindi yaletwa mbele ya altare, vikapu vyajaa sukari na sabuni, na watoto nao waleta walicho nacho. Ni jambo jema, na Mungu awabariki wote waliotoa. Lakini, ndugu wasomaji, tuulize neno moja. Miezi mitatu baada ya sikukuu, yule bibi mgonjwa akaaye nyuma ya kanisa anakula nini, na nani katika parokia anajua?

Shida hii si ya leo. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, twasoma kwamba Kanisa lilipokuwa changa huko Yerusalemu, wajane wa wale wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, hata manung'uniko yakatokea. Angalieni vema: ugawaji ulikuwapo, ila wengine haukuwafikia. Nao Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakuwahubiria wajane juu ya uvumilivu. Waliagiza wachaguliwe watu 7 wenye sifa njema, wakawawekea mikono na kuwakabidhi kazi hiyo.

Karne nyingi baadaye Mtakatifu Vinsenti wa Paulo alikutana na jambo lilo hilo. Mwaka 1617 alikuwa paroko wa Châtillon, mji mdogo wa Ufaransa. Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, alipokuwa akivaa mavazi ya Misa, aliletewa habari kwamba katika nyumba moja nje ya mji jamaa nzima ilikuwa imelala kwa ugonjwa, wala hapakuwa na mzima wa kuwahudumia wengine. Akaitaja habari hiyo katika mahubiri yake. Alasiri alipotoka kwenda kuwatazama aliikuta njia imejaa watu, hawa wakienda, hawa wakirudi, wengine wameketi kupumzika kwa sababu ya joto. Na wote walikuwa wamewapelekea wale wagonjwa chakula. Padre mwingine angalimshukuru Mungu kwa mahubiri yaliyofaulu, akarudi nyumbani. Vinsenti alishukuru, lakini pia alifikiri: chakula chote hiki hawawezi kukimaliza leo; kitaoza, na baada ya siku chache watakuwa na njaa kama mwanzo.

Basi aliwakusanya wanawake wa mji, akawashauri washike zamu, kila mmoja na siku yake. Akawaandikia kanuni, nayo ikakubaliwa na wakubwa wa Kanisa mwaka ule ule. Kanuni hiyo yafaa ijulikane na kila mama Mkristu, kwa maana haina maneno makubwa. Yaeleza namna ya kumpikia mgonjwa, kumwamkia kwa uso wa furaha, kumtandikia kitambaa, kumnawisha mikono na kusali kabla ya kula, kisha kumbembeleza ale kama mama ambembelezavyo mwanawe. Yataja hata mayai ya siku zisizoliwa nyama! Yaagiza pia kwamba mwenye zamu aanzie kwa mgonjwa aliye na mtu wa kumtunza, amalizie kwa yule aliye peke yake, ili apate kukaa naye muda mrefu zaidi. Tena fedha za chama zapewa mtunzaji, na hesabu yake yatakiwa.

Labda mtu atasema: hao walikuwa mabibi wa mjini, wenye chochote, sisi ni wakulima, nasi twahitaji kusaidiwa. Mtu huyo na asikie habari za Frédéric Ozanam. Mwaka 1833 alikuwa mwanafunzi huko Paris, umri wake miaka 20. Wenziwe wasioamini walimwambia kwamba zamani Kanisa lilitenda makuu, lakini siku hizi Wakatoliki wasema tu. Ozanam na rafiki zake wachache wakaenda kwa Sista Rosalie Rendu, aliyewatumikia maskini katika mtaa duni wa mji ule. Sista huyo alikuwa wa Mabinti wa Upendo, shirika ambalo Mtakatifu Vinsenti alilianzisha pamoja na Louise de Marillac mwaka 1633. Yeye aliwafundisha vijana wale namna ya kuingia katika nyumba ya maskini. Yasimuliwa kwamba zawadi ya kwanza ya Ozanam na mwenziwe ilikuwa kuni, zilizowabakia wao wenyewe za kuotea moto wakati wa baridi. Hivyo kilianza Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho leo kimo katika nchi zaidi ya 100, na kazi yake ya kwanza ingali ile ile, kuwatembelea watu nyumbani kwao. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Ozanam kuwa Mwenye Heri mwaka 1997, na Sista Rosalie mwaka 2003.

Nasi tuna nyenzo ambayo hawakuwa nayo. Katika miaka ya 1970 Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walikata shauri kwamba Jumuiya Ndogondogo za Kikristu ziwe msingi wa maisha ya Kanisa katika nchi zetu. Katika jumuiya jirani amjua jirani. Haihitaji kuuliza nani hakupika jana. Moshi wa jikoni waonekana. Lakini mara nyingi jumuiya husali, hupanga michango ya arusi, hutawanyika, na mgonjwa wa nyumba ya tatu hakutajwa.

Ingefaa kila jumuiya ichague watu wawili wa kwenda pamoja, siku ijulikanayo, kila juma. Waingie kwa hodi kama wageni. Cheti cha ubatizo wasikiulize, maana njaa ya Mwislamu na ya Mkristu ni moja. Wasipige picha. Desturi hii ya siku hizi ya kumsimamisha mzee mbele ya simu akiwa ameshika kilo mbili za unga, kisha kuieneza sura yake kwa watu asiowajua, haifai hata kidogo. Bwana wetu alikataza sadaka ya kupigiwa panda. Nao wakae kitako, wasikilize, maana pengine mzee ana unga, ila hana mtu wa kumsindikiza zahanati.

Kisha wawe na daftari. Iandikwe humo kilichopokewa, kilichotolewa, na siku ya kurudi. Majina ya waliosaidiwa wayajue hao wawili na padre tu; hesabu za fedha zisomwe mbele ya wote mwisho wa kila mwezi, hata kama ni shilingi elfu tano.