Mwuaji na Mhubiri wa Ukoo Mmoja

Masomo: Ezekieli 18:1-20, Mathayo 1:1-17, Yohana 1:11-13



Kijana wetu akitaka kuoa, swali la kwanza wazee waulizalo halihusu imani ya binti, wala kazi ya mikono yake. Huuliza, "Huyo ni mtoto wa nani?" Kisha hutumwa mtu kuchunguza. Ikionekana kwamba babu yake alikuwa mwizi, au baba mdogo aliua mtu, posa hurudishwa, na binti hubaki nyumbani akilia kwa kosa lililotendwa kabla hajazaliwa. Tena twajihesabia haki kwa mithali: mtoto wa nyoka ni nyoka. Mimi kama mchungaji nimekwisha kuliona jambo hili mara nyingi, hata kwa watu wanaokuja Mezani pa Bwana kila Jumapili.

Leo nataka tulitazame jambo hili mbali kidogo na kwetu, ili asiwepo wa kusema kwamba mchungaji amemsengenya. Twende Uingereza na Ireland, kwa malodi. Kule hakuna haja ya kutuma mtu kuchunguza, maana nasaba za wakubwa zimepigwa chapa katika vitabu vinene. Kilicho maarufu kuliko vyote kilianzishwa mwaka 1826 na John Burke, mtu wa Ireland, na mwanawe Bernard akakiendeleza. Ukifungua ukurasa unamwona lodi, baba yake, babu yake, na babu wa babu yake, pamoja na siku walizozaliwa, walizooa na walizokufa.

(Si kila kilichopigwa chapa ni kweli. Mwaka 1877 Bwana Freeman, mwandishi wa historia, alilalamika kwa ukali kwamba nyingi za nasaba hizo ni hadithi za kutungwa. Tajiri mpya akipata fedha, babu naye hupatikana! Na huko Ireland, mwaka 1999, ilibainika kwamba mtu mmoja aliyekuwa amekubaliwa na serikali kuwa mkuu wa ukoo wa kale wa kifalme alijitungia nasaba yake. Mwaka 2003 serikali ikaacha kabisa kazi ya kuwatambua wakuu hao.)

Lakini ukoo ninaotaka tuutazame hauna mashaka ya namna hiyo. Ni ukoo wa Shirley. Katika kitabu cha kuhesabia mashamba yote ya Uingereza, kilichoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William, limo shamba la Ettington, na mwenye kulishika ni Saswalo. Watoto wa Saswalo ndio walioitwa Shirley baadaye, na shamba lile likabaki mikononi mwa uzao wake kwa karne nyingi. Basi, ndugu zangu, nani kati yetu aweza kuhesabu mababu mpaka mwaka 1086?

Mmoja wao, Sir Robert Shirley, alijenga kanisa huko Staunton Harold mwaka 1653. Ukumbuke miaka ile: mfalme amekatwa kichwa, maaskofu wameondolewa, Kitabu cha Sala kimepigwa marufuku. Robert akajenga kanisa kwa desturi za Kanisa letu waziwazi, akatiwa gerezani katika Mnara wa London, akafa humo mwaka 1656. Juu ya mlango wa kanisa yaliandikwa maneno ya kumsifu kwamba alitenda yaliyo mema kabisa katika nyakati zilizo mbaya kabisa. Kanisa hilo bado limesimama. Mwanawe, naye Robert, akapewa cheo cha Earl Ferrers mwaka 1711. Earl ni cheo cha tatu katika vyeo vitano vya malodi wa Uingereza, nacho hurithiwa na mwana wa kiume wa ndoa, au, asipokuwapo, na ndugu wa kiume aliye karibu. Bwana huyo alikuwa na watoto 27 kwa wake wawili alioowa mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo warithi hawakukosekana.

Sasa tazameni wajukuu wa mtu huyo. Nitawataja watatu tu.

Wa kwanza ni Laurence, aliyekuwa Earl wa nne. Alikuwa mtu wa hasira na ulevi. Mkewe aliteswa mpaka Bunge likatunga sheria ya kuwatenganisha, mwaka 1758, jambo lililokuwa gumu sana siku zile. Msimamizi wa mali yake, mzee John Johnson, aliwekwa kukusanya kodi za mashamba, na Laurence akamshuku kwamba anapendelea upande wa mke. Tarehe 18 Januari 1760 alimwita nyumbani kwake Staunton Harold, akafunga mlango, akamlazimisha kupiga magoti, akampiga risasi. Mzee yule alikufa siku iliyofuata. Mauaji hayo yalitendwa katika nyumba iliyokuwa karibu kabisa na lile kanisa nililolitaja.

Kwa kuwa alikuwa lodi, alihukumiwa na malodi wenzake, kama sheria ilivyokuwa mpaka mwaka 1948. Alijitetea kwamba ana wazimu. Ndugu zake waliitwa kushuhudia hadharani kwamba kweli kaka yao ana kichaa, na mmoja wao alikuwa kasisi. Fikirini aibu ile! Hata hivyo hakuokoka. Tarehe 5 Mei 1760 alipelekwa Tyburn katika gari lake mwenyewe la farasi, amevaa suti yake ya arusi, mbele ya umati mkubwa wa watu, akanyongwa kama mhalifu mwingine yeyote. Hakuna lodi mwingine aliyenyongwa Uingereza baada yake kwa kosa la kuua. Miaka zaidi ya 670 ya nasaba haikuikata kamba ile. Pale chini ya mti alikubali kusali Sala ya Bwana pamoja na kasisi, na hukumu yake ya mwisho tumwachie Mungu.

Wa pili ni Selina, mtoto wa baba mkubwa wa Laurence. Waingereza humwita binamu, lakini kwetu tungesema ni dada yake. Alizaliwa mwaka 1707, akaolewa mwaka 1728 na Earl wa Huntingdon wa ukoo wa Hastings. Watoto wake wawili walikufa kwa ndui mwaka 1743, na mumewe akafa mwaka 1746. Mwanamke huyu aliguswa na Injili pamoja na akina Wesley na George Whitefield. Sheria ilimpa mjane wa lodi haki ya kuwa na makasisi wake mwenyewe. Yeye akaitumia haki hiyo kuwatuma wahubiri, naye Whitefield akawa mmoja wa makasisi wake. Mwaka 1761 aliuza vito vyake akajenga nyumba ya ibada Brighton, na mwaka 1768 akafungua chuo cha wahubiri Trevecca, Wales. Husimuliwa kwamba alipenda kumshukuru Mungu kwa neno moja la Mtume Paulo katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Mtume, akiwataja wenye cheo walioitwa, alisema kwamba si wengi. Selina akafurahi kwamba hakusema hakuna hata mmoja.

Alipofungwa Laurence, Selina alikwenda gerezani kumtazama. Hakusema, "Mimi simjui mtu huyu."

Nisifiche kasoro yake. Whitefield alipokufa mwaka 1770 alimrithisha nyumba ya yatima huko Georgia, Marekani, pamoja na watumwa wake, naye Selina akaendelea kuwa na watumwa. Wala sitaki kumsifu zaidi ya inavyostahili. Tena ni mwanamke huyo huyo aliyekubali kitabu cha mashairi cha Phillis Wheatley, binti wa Kiafrika aliyeuzwa utumwani, kitolewe kwa heshima yake mwaka 1773. Na katika nyumba yake ya ibada huko Bath, mwaka 1785, mhubiri mweusi John Marrant aliwekewa mikono akatumwa Nova Scotia. Mwaka 1792, watu weusi zaidi ya 1,000 walipovuka bahari kutoka Nova Scotia kuja kuanzisha mji wa Freetown, Sierra Leone, walikuwamo waumini wa jamii yake Selina, nao wakalipanda kanisa lao katika bara letu. Yeye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Na mwanawe wa kumzaa? Francis, Earl wa Huntingdon baada ya baba yake, hakuifuata imani ya mama. Alikufa mwaka 1789 bila mtoto wa ndoa, na cheo kikakosa mtu. Miaka 30 baadaye, mwaka 1819, wakili mmoja alithibitisha kwamba mrithi wa haki ni Hans Francis Hastings, aliyekuwa akitunza stoo ya silaha za serikali huko Enniskillen, Ireland, wa tawi lililotengana na shina tangu karne ya 16. Mambo kama hayo hayathibitishwi kwa mdomo. Hutafutwa katika makaburi, katika wosia, na katika vitabu vya makanisa vya ubatizo, ndoa na mazishi, ambavyo kila parokia ya Uingereza iliamriwa kuviandika tangu mwaka 1538. Humo lodi na mchunga ng'ombe wake huandikwa ukurasa mmoja. (Vingi vya Kanisa la Ireland viliteketea Dublin mwaka 1922, nyumba ya kumbukumbu ilipoungua wakati wa vita. Makarani wetu wa parokia wasikie!)

Hapo turudi kwa Ezekieli. Wana wa Israeli nao walikuwa na mithali yao, ya baba waliokula zabibu mbichi na watoto ambao meno yao yalitiwa ganzi. Ilikuwa mithali tamu, nayo iliwaondolea kazi ya kutubu. Mungu akaikataza isisemwe tena katika Israeli. Someni sura yote, mwone jinsi nabii anavyokwenda kizazi kwa kizazi kama mwandishi wa nasaba: baba mwenye haki, mwana mwenye jeuri na kumwaga damu, mjukuu aliyeona makosa ya baba yake asiyatende. Kila mmoja anasimama kwa miguu yake mwenyewe. Mtu angedhani nabii alikuwa anausoma ukurasa wa akina Shirley: mjenzi wa kanisa, mwuaji, na yule wa tatu ambaye bado sijamtaja.

Na Mathayo je? Wengi wetu twairuka sura ile ya kwanza kwa sababu ya majina. Lakini angalieni wanawake aliowaandika: Tamari, aliyezaa na baba mkwe wake, Rahabu, kahaba wa Yeriko, Ruthu, mgeni wa Moabu, na mke wa Uria, ambaye kwa kumtaja hivyo tu Mathayo anatukumbusha kwamba Daudi aliua. Waandishi wa nasaba za wakubwa wangalilipwa vizuri kuwafuta watu hao. Roho Mtakatifu aliwaacha. Mwokozi wetu hakuona haya kuwa na mwuaji katika mababu zake, nasi twaona haya kumpokea mkwe ambaye mjomba wake alifungwa!

Kwa hiyo nawaambia wazi wazee wa parokia hii. Ulizeni kama kijana anamcha Mungu, kama anafanya kazi, kama hapigi watu. Hayo ni haki yenu. Lakini yule binti mliyemrudisha kwa sababu ya babu yake alibatizwa kwa maji yale yale tuliyobatiziwa sisi, na jina lake limo katika kitabu kile kile. Mtume Yohana anasema wana wa Mungu hawakuzaliwa kwa njia ya damu. Kama hatuliamini neno hilo wakati wa posa, tusilisome kwa sauti kubwa wakati wa Noeli.

Yule wa tatu ni Walter, mdogo wake Laurence. Ndiye kasisi niliyesema aliitwa kushuhudia. Alikuwa mchungaji wa Loughrea, katika wilaya ya Galway huko Ireland, naye alikwisha kuihubiri Injili kwa bidii kabla ya kaka yake kuua. Baada ya kamba ya Tyburn, angaliweza kujificha. Alirudi mimbarani, akaendelea kuhubiri Ireland na Uingereza, akatunga tenzi zilizoimbwa muda mrefu katika makanisa. Kila aliposimama, watu walijua yeye ni ndugu wa nani.

Mwaka 1766, miaka 6 tu baada ya kunyongwa kwa Laurence, Bwana John Phillips wa Dublin alimwoza Walter binti yake, Henrietta Maria. Mjukuu wao, aliyeitwa Walter Augustus, akawa Askofu wa Sodor na Man. Mwana wa askofu huyo akawa mwalimu wa historia ya Kanisa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Na mwaka 1912, Earl wa kumi alipokufa bila mwana wa kiume, wenye kuhesabu nasaba walipanda juu mpaka kwa yule kasisi wa Loughrea, wakashuka tena, wakamkuta kilembwe chake, Walter Knight Shirley. Akawa Earl Ferrers wa kumi na moja.