Kimya cha Sungura



Mtoto akinunuliwa sungura, siku hiyohiyo nyumba nzima hutaka kumshika. Mtoto anamvuta masikio, jirani anambeba, baba anamlaza chali mikononi. Mnyama anatulia tuli, na watu wanafurahi: "Tazameni, amekwisha kutuzoea!"

Je, amewazoea kweli? Sungura ni mnyama anayewindwa. Macho yake yako kando ya kichwa ili amwone adui karibu kila upande, na kuinuliwa juu kwake ni kama kunyakuliwa na mwewe. Akilazwa chali hutulia kwa hofu, maana hana pa kukimbilia. Akipata nafasi hurusha mateke, na kwa mateke hayo anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Basi swali letu ni hili: asiyepinga, amekubali?

Anayetaka kumzoeza kwa haki hufuata njia nyingine. Siku za kwanza humwachia kibanda chenye kivuli, nyasi, maji na mahali pa kujificha. Halafu huketi chini karibu naye, akisema kwa sauti ndogo, bila kumkamata. Siku moja sungura atakuja mwenyewe kunusa vidole. Hapo apewe jani mkononi. Baadaye apapaswe kichwani, polepole. Kubebwa kunakuja mwisho, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukishika makalio, kamwe si kwa masikio. Kazi hii yaweza kuchukua majuma kadhaa. Siku atakapolala ubavu karibu nanyi, na njia ya kukimbia iko wazi, jueni amewaamini.

Mwingine atasema: "Nimemnunua kwa fedha yangu, nitamshika nipendavyo." Mnyama ni wako, ndiyo. Hata hivyo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, inatufundisha kwamba kumtesa mnyama bila sababu hakupatani na heshima ya binadamu. Tena, kuaminiwa hakuuzwi sokoni. Anayeweza kukukimbia lakini akabaki, huyo ndiye aliyekuamini.

Ndugu wanandoa, hata nyumbani mwetu tunapenda kusema, "Kwangu ni amani, mwenzangu hanijibu kamwe." Mahari yametolewa, cheti cha ndoa kiko kabatini, basi tunadhani mambo yamekwisha. Lakini wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Huenda mwenzako ananyamaza kwa sababu kila akisema neno hukemewa. Na watoto wanaotulia baba aingiapo, je, wametulia kwa heshima au wamejificha?

Jioni moja, watoto wakisha lala, ulizaneni haya:

1. Ni jambo gani unaogopa kuniambia?
2. Nikikasirika, je, una nafasi ya kusema hapana?
3. Mara ya mwisho uliponijia mwenyewe bila kuitwa ilikuwa lini?

Mwenzako akianza kujibu, usimkatize. Mpe nafasi amalize.