Ngoma na Mpigaji: Suala la Umaarufu wa Mtoto wa Matangazo

Mnamo mwaka wa 1972, tangazo la nafaka ya kiamshakinywa iitwayo Life lilianza kuonyeshwa katika televisheni za Marekani. Ndani yake mtoto John Gilchrist, aliyeigiza kwa jina la Mikey, anasukumiwa bakuli na kaka zake wanaoamini kuwa hatapenda, naye anaila. Tangazo hilo lilidumu hewani kwa zaidi ya miaka kumi. Gilchrist akabaleghe, Mikey akabaki mdogo. Kisha ukazuka uvumi kuwa mtoto yule amekufa, ilhali alikuwa kijana mzima wa afya.

Uvumi ulikuwa wa uongo, lakini ulibeba ukweli mmoja: kwa hadhira, mtoto anayekua ni sawa na aliyetoweka. Hapo ndipo suala la kimaadili linapochipuka. Je, kijana aliyetukuzwa utotoni, anapohangaika kuurejesha umaarufu wake, anadai kilicho chake?

Wepesi wa kuhukumu husema kwamba ngoma ivumayo haidumu. Methali hiyo yaieleza ngoma, haimtaji mpigaji. Mtoto wa miaka minne hajichagulii kuwa ngoma. Wala masaibu yake si tanzia kwa maana ya Aristotle, kwani shujaa wa tanzia huangushwa na kosa alilolitenda mwenyewe, ilhali kosa pekee la kijana huyu ni kukua.

Hata hivyo, dai lake dhidi ya hadhira halisimami. Kilichopendwa kilikuwa utoto wenyewe: mashavu, sauti nyembamba, meno machanga. Hivyo mtoto mwingine yeyote aweza kuvitoa. Kijana anashindana na taswira yake mwenyewe, na taswira haizeeki.

Dai linalosimama ni lile dhidi ya waliompiga ngoma. Jackie Coogan, aliyevuma kwa filamu ya The Kid ya mwaka 1921, alimshtaki mamake na babake wa kambo mwaka 1938 baada ya kugundua kuwa sehemu kubwa ya mapato yake imetumiwa. Sheria ya California ya mwaka 1939 ilitokana na kisa hicho. Marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2000 yalitamka kuwa mapato ni mali ya mtoto, asilimia 15 iwekwe akiba. Sheria hiyo yalinda fedha. Haimlindi mtoto na imani kwamba makofi anayopigiwa ndiyo thamani yake.

Coogan alirejea kwenye umaarufu mwaka 1964, akikaribia umri wa miaka hamsini, kama Uncle Fester katika The Addams Family: kipara, macho yenye weusi, sura isiyobaki na chembe ya yule mtoto. Alipata jina jipya kwa kuuacha uso wa kale. Deni la wazazi na watangazaji, basi, si kumrudishia kijana umaarufu, maana haukuwa wake. Ni kumwambia mapema, kabla ngoma haijanyamaza, kwamba yeye si ngoma.