Kumtaja Mtu si Kumjibu

Tangu shuleni tunafundishwa kwamba kuchukua maneno ya mtu bila kumtaja ni wizi. Sawa, sina ugomvi na fundisho hilo. Lakini kuna swali ambalo wengi wetu hatukufika nalo mbali: je, ukishamtaja, deni limekwisha? Ukiandika jina, mwaka na ukurasa, umetoka na haki? Mimi nasema bado. Umelipa nusu tu.

Niliishia kidato cha sita. Mchana nahangaika na maisha, usiku naandika riwaya. Rafiki zangu walioko chuoni huniletea insha zao nizipitie kabla hawajazikabidhi, eti kwa sababu mimi ni mtu wa vitabu. Karibu zote zina umbo moja. Aya ya kwanza, fulani anasema. Ya pili, fulani naye anasema. Ya tatu, fulani anamuunga mkono fulani. Halafu mwisho: "Hivyo basi, ushairi ni muhimu katika jamii." Sasa mwenye insha yuko wapi? Hayumo! Ni kama mshenga aliyefika kwa wazazi wa binti, akataja wazee wote waliomtuma, kisha akanywa chai na kuaga bila kutamka posa.

Nichukue mfano mmoja ambao kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili anaujua: mgogoro wa ushairi wa vina na mizani na ushairi huru. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani ya kimapokeo. Basi katika insha hizo utaikuta sentensi hii: Amri Abedi anampinga Kezilahabi. Jamani! Amri Abedi alifariki mwaka 1964. Atampingaje mtu ambaye diwani yake ilitoka miaka kumi baada ya yeye kuzikwa?

Mtu atasema hilo ni kosa dogo la tarehe. Mimi naliona kubwa kuliko hapo. Huko ni kumsingizia marehemu. Amri Abedi aliandika Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, akimpa mwanafunzi wa utunzi kanuni za kushika: vina, mizani, na shairi kuimbika. Swali lililokuwa mbele yake ni mtunzi afanyeje. Swali la miaka ya sabini lilikuwa jingine: je, asiyefanya hivyo naye ni mshairi? Ukimng'oa mtu kwenye swali lake ukampachika kwenye swali la wengine, jina lake umelitaja, lakini nia yake umeiiba.

Je, basi kanuni ya Amri Abedi haiwezi kutumiwa kuupima ushairi huru? Inaweza, tena ni kipimo kikali. Ila sema kwamba ni wewe unayepima. Andika: "Kwa kipimo cha Amri Abedi, mimi naona shairi hili halipiti, kwa sababu haliimbiki." Hapo mwenye kanuni amepata haki yake, na wewe umesimama kwa miguu yako. Msomaji akitaka kubisha, anajua abishe na nani.

Kujibu hasa kukoje? Tazama walichofanya M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi mwaka 1979. Walitoa kitabu wakakiita Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Hebu weka majina ya vitabu hivyo viwili kando kwa kando. Mzee alisema "sheria", wao wanasema "kunga". Sheria ukiivunja unashtakiwa, kunga unafundwa. Mzee alisema "Diwani ya Amri", wao "Diwani Yetu". Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, mimi nasikia jibu. Na ndani walikataa kwamba vina na mizani ndiyo roho ya ushairi. Lakini waliufuata mpango wake: kwanza maelezo, kisha mashairi yao wenyewe, ili nao wapimwe. Kupinga kwa namna hiyo ni heshima.

Najua kinachotuzuia. Tumelelewa kwamba mkubwa akisema, unaitikia. "Mimi nani hata nimkosoe Amri Abedi?" Lakini hata adabu yetu yenyewe haikubali ukimya. Mtu akikupa shikamoo usipojibu, umemtukana. Na washairi wetu, tangu enzi za Muyaka kule Mombasa hadi kurasa za mashairi za magazeti, wamejibizana beti kwa beti. Aliyejibiwa alijua amesikika. Aliyepuuzwa ndiye aliyeaibika.

Sisemi kila nukuu ipingwe. Kukubali nako ni jibu, mradi useme umeshawishika na nini na unakubali hadi wapi. Wala huwezi kumjibu mtu kwa haki kama umemkata sentensi katikati, ukachukua kipande kinachokufaa. Kwanza mlete akiwa na nguvu zake zote, kisha ndipo useme lako. Siku hizi simu inaweza kukupa majina kumi ya wataalamu kwa dakika moja, mengine ya vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa. Majina yamekuwa rahisi. Kilichobaki ghali ni lile neno "kwa sababu" linalotoka kichwani mwako.

Nami nina maslahi katika jambo hili, nisifiche. Nikijaliwa, riwaya yangu itatoka, na huenda mwanafunzi mmoja akanitaja katika mabano. Sitamwomba anisifu. Afadhali aseme nimekosea na aonyeshe ni wapi, kuliko kunisimamisha kwenye insha yake kama mlinzi wa zamu, nikilinda nyumba ambayo mwenyewe hakai.